Zoezi la Wiki ya Nne: Chora Ukoo Wako

Chamani kwetu tuko wanne tunaosoma jenetiki. Mmoja wazazi wake ni wa Tanga, mmoja wa Mombasa, mmoja kwao Bukavu, na wa nne alizaliwa Maskati kwa wazazi Waunguja kabla familia haijahamia hapa Uingereza. Darasani tunakaa safu moja, tunaazimana madaftari, na mhadhara ukichosha tunayo lugha ya kuusengenyea. Mhariri alipotuomba tuandike kuhusu masomo yetu tulianza makala ya heshima kabisa, yenye Mendel na njegere zake, tukaiacha njiani. Tumeamua kuwasimulia zoezi moja tu, la wiki ya nne ya mwaka wa pili. Mazoezi mengine tumeshayasahau. Hili bado linatupigia simu.

Zoezi lenyewe lilikuwa la karatasi moja. Chora ukoo wa vizazi vitatu. Mwanamume ni mraba, mwanamke ni duara. Mstari wa kulala unaunganisha mume na mke, mstari wa kusimama unawashusha watoto. Aliyefariki anapigwa mstari wa mshazari. Mwenye ugonjwa unaoufuatilia anajazwa wino mzima, na mbebaji, yaani aliyerithi jeni moja ya ugonjwa huo bila kuumwa, anajazwa nusu. Walioana wakiwa ndugu wanaunganishwa kwa mistari miwili. Asiyetaka kutumia familia yake aliruhusiwa kubuni. Wenzetu wengi darasani walimaliza kabla ya chai. Sisi tulichukua wiki mbili.

Mwenzetu wa Mombasa alikwama kwenye mama. Anao watatu: aliyemzaa, mama mkubwa na mama mdogo, na wote watatu wamemlea, wamempiga na wamemlipia ada. Msaidizi wa mwalimu alisimama nyuma yake akauliza kwa nini mtu huyu anatoka kwenye maduara matatu. Ikabidi tufute. Kisha ikaonekana kwamba kaka yake mmoja si mtoto wa baba wala wa mama, ila alinyonyeshwa naye ziwa moja mama wa yule mtoto alipokuwa mgonjwa. Nyumbani ni kaka kamili, hawezi kumwoa dada yeyote wa nyumba ile. Kwenye karatasi hana pa kukaa, kwa sababu maziwa hayana mstari.

Mwenzetu wa Unguja yeye alikuwa na mistari miwili kila kona. Babu na bibi ni watoto wa ami, na wazazi wa bibi nao vilevile. Msaidizi alipoona hivyo akashusha sauti kama aliyekuja kutoa mkono wa pole. Mwenzetu akamwambia kwamba kwao wageni ndio wanaoulizwa maswali, ndugu anajulikana. Lakini hesabu aliifanya: watoto wa ami wanashiriki kwa wastani sehemu 1 kati ya 8 ya vinasaba vyao, kwa hiyo jeni iliyojificha pande zote mbili ina nafasi kubwa zaidi ya kukutana. Aliandika hesabu hiyo kwa penseli, nyepesi, asije baba yake akaiona.

Wa Bukavu hakucheka tulipokuwa tunacheka. Baba yake alimlea mtoto wa marehemu kaka yake tangu akiwa mchanga, na Kiswahili hakijawahi kumwita mtoto huyo jina jingine isipokuwa mtoto wake. Familia ilipoomba kuungana hapa Uingereza, waliambiwa watoe mate kwenye kijiti ili vinasaba vipimwe. Majibu yakaja kwamba huyu si mwana. Barua hazikwisha kwa miaka miwili. Mhadhiri alitufundisha kwamba Alec Jeffreys aligundua alama za vinasaba pale Leicester mwaka 1984, na kwamba kesi ya kwanza kabisa ambayo ugunduzi huo ulitumika, mwaka 1985, ilikuwa ya kijana wa familia ya Kighana aliyezuiwa kuingia nchini. Kipimo kikathibitisha kwamba mama anayemdai ndiye mama yake, akaruhusiwa kubaki. Hadithi nzuri, na ni ya kweli. Mwenzetu aliisikiliza mpaka mwisho, akasema taratibu, kwa Kiswahili, kwamba yule kijana alikuwa na bahati ya kuwa mtoto wa mama, si wa baba mkubwa.

Hapo tuwaambie kidogo maisha yetu ya kila siku, maana nyumbani wanadhani tunavaa makoti meupe tukiponya watu. Muhula wa kwanza tuliumaliza tukihesabu nzi wa matunda. Unawalewesha kwa hewa ya kaboni, unawamwaga chini ya hadubini, unawapanga kwa brashi laini: macho mekundu huku, macho meupe kule. Majike ya kuzalishia lazima yawe wanawali, na ili uwe na hakika unawatenga ndani ya saa nane tangu watoke kwenye ganda, ndiyo maana tumewahi kuonekana maabara saa moja asubuhi siku ya Jumamosi. Nusu ya shahada hii ni takwimu na kompyuta. Jenomu ya binadamu ina herufi bilioni 3 hivi, na hakuna anayezisoma kwa macho. Mjomba wa mwenzetu wa Mombasa aliposikia tunasoma "elimu ya urithi" alifurahi mno, akidhani ni mirathi, akaanza kueleza kesi ya shamba lao la Kisauni tangu mwanzo.

Neno tunalolipenda zaidi ni vinasaba. Aliyelitunga alijua anachofanya: ndani yake mna nasaba, na kila Mswahili akilisikia anajua linahusu nani katoka kwa nani. Taabu ni kwamba nasaba kwetu ina heshima na fedheha yake, na neno limekuja na mizigo yote hiyo. Hilo tulilijua baadaye.

Turudi kwenye zoezi. Mwenzetu wa Tanga alichagua kufuatilia selimundu, ambayo wengine huiita siko seli. Hakuichagua kwa sababu ya familia, ila kwa sababu wiki iliyotangulia tulikuwa na mhadhara juu yake, na ulikuwa mhadhara wa kwanza tangu tufike chuoni uliokuwa na ramani ya kwetu.

Ramani yenyewe ilikuwa ya Kenya. Anthony Allison, aliyezaliwa Afrika Kusini akakulia Kenya, alikwenda huko mwaka 1949 na msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford, akapima damu za watu wa sehemu mbalimbali. Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria alikuta watu zaidi ya 20 katika kila 100 wamebeba jeni ya selimundu. Nyanda za juu na nchi kavu hawakufika hata 1. Ndipo akaona kwamba ramani ya jeni na ramani ya malaria ni ramani moja. Mwaka 1954 akachapisha ushahidi wake: mwenye nakala moja ya jeni hiyo haugui selimundu, na malaria kali humpata kwa shida. Ndiyo sababu jeni inayoua watoto haikufutika pwani kwa maelfu ya miaka. Iliwaua waliopata mbili, ikawalinda waliopata moja.

Sehemu ya ushahidi huo ilikuwa jaribio la wanaume 30 Wajaluo waliojitolea kuambukizwa malaria, 15 wakiwa wabebaji na 15 wasiokuwa. Katika wasiokuwa wabebaji, 14 walishikwa. Katika wabebaji, 2 tu. Takwimu safi kabisa, na mhadhiri alizipita kwa dakika moja. Sisi tulibaki nazo. Slaidi ilikuwa na jina la Allison na jina la jarida. Jina hata moja la wale 30 halikuwepo. Tulijiuliza waliambiwa nini, na kwa lugha gani.

Ugonjwa wenyewe kiini chake ni kidogo cha kushangaza. Himoglobini ndiyo protini inayobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu za damu. Mnyororo wake mmoja, uitwao beta, una asidi amino 146, na katika selimundu ni ya 6 tu iliyobadilika, kwa sababu ya herufi moja kwenye kromosomu ya 11. Oksijeni ikipungua, himoglobini hiyo hushikana, na chembe iliyokuwa mviringo kama kitumbua hujikunja ikawa mundu. Mundu hupita kwa shida kwenye mishipa myembamba. Huko ndiko yanakotoka maumivu ya mifupa, kuvimba mikono na miguu kwa watoto wachanga, macho ya manjano, kuishiwa damu. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye wagonjwa wengi zaidi duniani. Hukadiriwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa na selimundu kila mwaka.

Basi Jumapili moja mwenzetu wa Tanga akampigia bibi yake simu ya video ahesabu watoto. Bibi alikuwa barazani na ungo, anachambua maharage ya makande.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

Akaulizwa amezaa watoto wangapi. Akasema saba. Mwenzetu akadhani simu inakatakata, kwa sababu tangu azaliwe anajua bibi ana watano: mama yake na wajomba wanne. Akauliza tena. Saba, bibi akasema, hakuacha kuchambua. Wawili walitangulia, mmoja kabla ya mama yako, mmoja baada yake. Hao ni wa mume wa kwanza.

Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba kulikuwa na mume wa kwanza.

Aliyofuata aliyaandika nyuma ya karatasi ya zoezi, na karatasi hiyo tumeiona. Mtoto wa kwanza alianza kuvimba vidole hata hajatambaa. Usiku alilia akishika miguu. Macho yake yalikuwa ya manjano, na watu wakasema safura, kisha baridi yabisi, kisha jicho la mtu. Alikuwa na miaka mitatu. Wa tatu alionekana mzima zaidi, akafika miaka mitano, akashikwa na homa ya siku mbili. Walikwishakwenda kwa waganga wote wa karibu na wengine wa mbali. Ndipo mama mkwe akasema maneno ambayo bibi anayakumbuka mpaka leo: tumbo hili haliweki watoto, damu yake mbaya. Talaka ilikuja kabla arubaini haijatimia. Bibi akarudi kwa baba yake na mtoto mmoja mgongoni, ambaye ni mama wa mwenzetu. Alipoolewa tena akazaa wanne, wote wakakua, na watu wa mume wa kwanza wakasema kumbe alikuwa na jambo lake.

Alhamisi alikuja chumba cha chama, akaweka karatasi mezani, akasema hawezi kuichora. Tukaichora sisi. Mraba mmoja na duara moja vyenye mshazari, vyote vimejaa wino, na katikati yao duara la mama. Upande wa pili miraba minne mitupu. Ni mchoro ambao mwanafunzi yeyote wa mwaka wa kwanza angeusoma: bibi nusu, mume wa kwanza nusu, mume wa pili huenda mtupu. Tulipomaliza hakuna aliyesema kitu kwa muda. Tuseme pia ukweli: wale watoto hakuna aliyewapima, na mtu hawezi kumtambulia marehemu ugonjwa kwa simu. Tukaweka alama za kuuliza pembeni, kama tulivyofundishwa. Ila alama hizo zilikuwa ndogo.

Siku ile ile jioni alimuuliza mama yake. Mama akaenda chumbani, akarudi na lile jalada la plastiki ambalo kila nyumba ya wahamiaji inalo, lenye pasipoti, vyeti na barua za nyumba. Chini kabisa mlikuwa na barua mbili za hospitali. Hapa Uingereza mjamzito hupimwa selimundu, na mtoto hutobolewa kisigino akiwa na siku kama tano, damu yake ikapimwa vilevile. Barua ya kwanza ilisema mama ni mbebaji, aje na mume wake naye apimwe. Ya pili ilisema mtoto ni mzima, ila ni mbebaji. Mama alikuwa mgeni nchini. Neno la Kiingereza la mbebaji alilitafuta kwenye kamusi akalielewa kwa namna yake, kwamba yeye ndiye aliyebeba ugonjwa nyumbani. Akakumbuka yaliyompata mama yake. Barua akazikunja, mume hakuambiwa, hospitali hakwenda naye. Zimekaa humo miaka 20, umri wa mwenzetu.

"Nilijua nimekupa mimi," mama alimwambia.

Mwenzetu anajua kulieleza hili kwa Kiingereza kwa sentensi tatu na kupata alama zote. Kwa Kiswahili alifungua kinywa akakosa pa kuanzia. Tunadhani wasomaji wetu wengi wanaijua hali hiyo. Kiswahili chetu ni cha jikoni, cha kuamkiana, cha kugombezwa. Kemia ilitukuta tayari tuko shule za hapa. Lakini lugha hii tuliyoipata jikoni ndiyo lugha ambayo bibi aliachwa kwayo.

Na jambo lilikuwa la haraka. Binamu yake, mtoto wa mjomba mkubwa, alikuwa ameposa, harusi Desemba. Bibi akiwa mbebaji, kila mjomba ana nafasi nusu ya kuwa mbebaji, na binamu ana robo. Mchumba wake ni wa Pangani, pwani hiyo hiyo yenye malaria ile ile. Kipimo ni cha damu kidogo tu. Ila nani aseme, na aseme nini?

Tulibishana usiku kucha. Wa Mombasa alisema piga simu leo. Wa Unguja akasema ukipiga leo watasema umetumwa kuvunja ndoa ya watu, na mwenye kulaumiwa atakuwa bibi kwa mara ya pili. Wakati wa posa, alitukumbusha, watu huulizia: huko kwao kuna nini? Wana kifafa? Wana wazimu? Ukitamka "ugonjwa wa kurithi" umeshafunga mlango, na si mlango wa binamu peke yake, bali wa kila msichana wa nyumba ile. Tukaanza kutafuta maneno kama tunavyotafuta jibu la mtihani. "Kasoro" tukaikataa. "Kosa la herufi" lilitupendeza mpaka wa Unguja akauliza, kosa la nani? Hapo tukaona kwamba Kiingereza kinaweza kusema kosa pasipo mkosaji, lakini bibi akilisikia neno hilo atatafuta aliyekosa. Tukaandika "herufi tofauti". "Mbebaji" nalo lilitupa taabu, kwa sababu ya mama. Tulijaribu "mwenye nakala moja". Si zuri sana, lakini halimtwishi mtu mzigo.

Wa Bukavu, ambaye huongea mwisho, akasema: "Anza na bibi. Yeye ndiye mwenye habari, mpe habari yake kwanza."

Jumapili iliyofuata tulikuwa wote wanne jikoni kwa mwenzetu, tumebanana mbele ya simu moja. Tulimwamkia bibi kila mtu kwa zamu. Tuliandaa maelezo kwenye daftari. Bibi aliyasikiliza kwa adabu, na ilionekana hakuna linaloingia. Ndipo mwenzetu akaona ungo.

"Bibi, chukua harage moja na hindi moja mkono wa kulia. Huo ni wewe. Chukua vilevile mkono wa kushoto. Huo ni mume wako wa kwanza. Mtoto akiumbwa anachota kimoja huku na kimoja huku, bila kuangalia. Akipata mahindi mawili, mzima. Hindi na harage, mzima vilevile, kama wewe, kama mama, kama mimi. Maharage mawili ndiyo maumivu ya mifupa."

Bibi alifumba macho akachota. Harage na harage. Akarudisha, akachota. Hindi na harage. Akarudisha tena. Alifanya hivyo mara nyingi, zaidi ya tulivyotegemea, na kila mara alikuwa akirudisha punje kwenye viganja kabla ya kuchota upya. Hilo la kurudisha hatukumfundisha. Wanafunzi wengi wa mwaka wa kwanza hulikosea, wakidhani kwamba mmoja kati ya wanne maana yake ni kwamba akishaumwa mmoja, watatu wanaofuata wamesalimika.

"Kwa hiyo kila mimba tulikuwa tunachota upya."

"Upya, bibi."

"Na yeye akichota."

"Na yeye akichota."

Akakaa kimya. Kuku alipita barazani. Kisha akaumwaga mkono wa kushoto kwenye ungo, akaweka mahindi mawili, bila mtu kumwambia. "Huyu ni babu yenu," akasema, maana yake mume wa pili. Akachota mara nne. Kila mara kulikuwa na hindi.

"Kumbe tulikuwa wawili," alisema. Tukadhani anatuambia sisi, lakini hakuwa akitazama simu.

Baadaye aliuliza kama kuna dawa. Tukamwambia ipo haidroksiyurea, vidonge ambavyo vimejaribiwa kwa watoto wa Afrika, pamoja na watoto wa Kilifi, na vikapunguza maumivu na vifo. Na kwamba Muhimbili kuna wataalamu kama Profesa Julie Makani ambao wameushughulikia ugonjwa huu kwa miaka mingi. Wa Mombasa, ambaye hawezi kuficha jambo, akaongeza kwamba mwaka 2023 Uingereza ilikuwa nchi ya kwanza duniani kuidhinisha tiba inayohariri jeni kwenye chembe za uboho wa mgonjwa mwenyewe, ikamfanya atengeneze tena himoglobini ya kitoto isiyojikunja. Bibi akauliza bei. Bei yake iliyotangazwa hapa ni pauni milioni 1.65. Tulipomgeuzia kwa shilingi akacheka mpaka akashika ubavu. "Hiyo si dawa," akasema, "hiyo ni mtaa mzima na msikiti wake."

Bibi ndiye aliyezungumza na mjomba. Alimwambia nini hatukuambiwa, na mwenzetu anasema hata mama yake hakuambiwa. Tunachojua ni kwamba wiki mbili baadaye alitaka kupelekwa hospitali kupimwa yeye mwenyewe, mwanamke wa miaka 70 na zaidi asiyekuwa na mtoto wa kuzaa tena. Nesi alimuuliza kipimo ni cha nini. Akajibu kwamba ni cha kwake. Majibu yalipotoka alimpigia mwenzetu simu usiku, saa zetu za mhadhara, na simu ikapokelewa kwenye ngazi nje ya ukumbi. Ana nakala moja.

"Basi na yule naye alikuwa nayo," alisema. "Haiwi bila yeye."

Mwenzetu akamwambia ndivyo. Akaongeza, kama mwanafunzi mwema, kwamba lakini nakala ya mama haiwezi kujulikana ilitoka kwake au kwa yule, kwa sababu wote wawili walikuwa nayo. Bibi akasema hiyo haina haja. Kisha akauliza kama amekula.

Mchoro tuliupeleka ukiwa umechelewa siku tisa. Alama za kuuliza za bibi na mume wa kwanza tulizifuta, za wale watoto wawili tukaziacha. Tulikatwa alama za kuchelewa, tukapata 58 kwa 100, na pembeni msahihishaji aliandika kwamba ukoo umechorwa vizuri ila chanzo cha taarifa hakikuelezwa. Mama wa mwenzetu amezitoa zile barua kwenye jalada. Ziko juu ya friji, chini ya sumaku, na baba amezisoma.

Harusi ni tarehe ile ile ya Desemba. Bwana harusi na bibi harusi wamekwenda kupima, pamoja, na majibu ni yao. Hatukuuliza. Bibi ameagiza tumletee kitambaa cha doti mbili, rangi ya zambarau, kisiwe cha kung'aa.